Mwaka Niliokuwa Mshenga wa Skola

Taarifa ya kifo cha Mwalimu Redempta ilinikuta jikoni nikichambua mchele, simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi. Kundi letu la wasichana tuliosoma pamoja, ambalo kwa kawaida ni la kutumiana picha za harusi na sala za asubuhi, lilikuwa limenyamaza kwa wiki kadhaa, halafu ghafla likafurika. Mmoja aliandika kwamba Mwalimu amefariki nyumbani kwake Mbinga, mwingine akauliza mazishi ni lini, wa tatu akaandika tu "jamani, mshenga mkuu katuacha", na hapo nikaweka ungo chini nikakaa. Mtu wa nje asingeelewa kwa nini mwalimu wa baiolojia, mwanamke ambaye hakuwahi kumposea mtu yeyote, aitwe mshenga. Sisi tulielewa. Mimi nilielewa kuliko wenzangu, kwa sababu katika kundi lile kulikuwa na jina moja ambalo halikuandika chochote siku hiyo, na nilikaa nikilitazama jina hilo mpaka maji ya wali yakakaukia sufuriani.

Kesho yake nilipanda basi Songea kwenda Mbinga. Ni safari fupi siku hizi, lami imefuta mashimo yote niliyoyajua, na tulipopita Kigonsera nilishangaa kuona kanisa limesogea karibu na barabara, au labda barabara ndiyo iliyosogea. Kuanzia hapo nchi inapanda. Mashamba ya ngolo yanatokea kwenye miteremko, vishimo vyake safu kwa safu, na baridi inaingia hata kama dirisha limefungwa. Nimefundisha jiografia miaka mingi na naweza kueleza kwa nini ukungu hukaa mabondeni asubuhi, lakini siku ile sikutaka kueleza kitu, nilitaka tu unifunike. Mwaka wangu wa kidato cha sita naukumbuka hivyo, umefunikwa nusu. Najua milango yote ilipo, najua harufu ya kila chumba, ila watu wanatokea ghafla karibu kabisa, wanasema neno moja, halafu wanarudi walikotoka.

Shule yetu ilikuwa ya masista, ya wasichana watupu, juu ya kilima nje ya mji. Asubuhi tulioga maji yanayouma vidole, tukanywa uji wa mahindi wenye harufu ya moshi, na mpaka saa nne mtu aliandika huku ameficha mkono mmoja kwapani. Mimi nilitoka Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, ambako joto hukaa nawe mpaka kitandani, na nilifika kule bila hata sweta moja. Aliyenipa sweta ni Skolastika, binti wa Kimatengo aliyelala kitanda cha chini yangu, mfupi, mwenye kucheka kwa puani na kuuliza maswali mpaka watu wanajifanya wamelala. Ndiye pia aliyenipa rozari yake ya akiba niishike wakati wa sala, maana nilikuwa Mwanglikana peke yangu bwenini na sikutaka sista mlezi aniulizeulize. Nilikuwa nachezesha midomo tu. Skola alijua, na kila tulipofika mwisho aliniuliza kwa sauti ya chini kama samaki wa Nyasa wamesikia sala yangu. Tukawa hatuachani. Tulisoma mchepuo mmoja, tulikula sahani moja siku za makande, na tukafua siku moja ili tutumie sabuni moja.

Mwalimu Redempta ndiye aliyepewa kazi ya kutushauri kuhusu vyuo. Kwenye ratiba iliandikwa "ushauri nasaha", Jumatano baada ya chakula cha mchana. Ofisi hakuwa nayo, kwa hiyo alitupokea kwenye stoo ya maabara, chumba kirefu chenye rafu pande zote mbili, vyura na mijusi wamelala ndani ya chupa za dawa, na dirisha moja linalotazama bustani ya kabichi ya masista. Mezani palikuwa na birika la maji ya moto. Alikuwa anakunywa maji matupu, akisema majani ya chai yanamkimbiza moyo. Viatu alivivua chini ya meza, nasi tulijua kwa sababu kila akisimama ghafla alivitafuta kwa vidole vya mguu kwanza. Harufu ya stoo ile, dawa ya chupa na mbao zenye unyevu na soksi, ikinijia leo mahali popote naona haya kabla sijajua naona haya ya nini.

Shida yake kubwa ilikuwa kwamba hatukusema. Ukimwuliza msichana wa kwetu anataka kuwa nani, anatazama vidole vyake na kujibu "chochote tu, Mwalimu". Si kwamba hana anachotaka. Amekuzwa akijua kwamba kujisemea ni kujikweza, na kutamka neno "nataka" mbele ya mtu mzima ni kukosa adabu. Mwalimu alikuwa amejaribu kutukaripia, akajaribu karatasi za maswali, tukajaza wote jibu moja. Mwishowe akakumbuka posa. Siku ya posa, alituambia, kijana haji kujisifu mwenyewe, ana mshenga wake, na hakuna anayemwona ana majivuno kwa sababu maneno yote mazuri yametoka kwenye mdomo wa mtu mwingine. Basi kila mmoja wetu achague mshenga wake. Mwenye shauri atakaa karibu na dirisha, kimya. Mshenga atasema yote, chuo gani, kozi gani, na kwa nini anafaa. Akimaliza, Mwalimu atamgeukia mwenye shauri na kumwuliza "Ndivyo?", naye atajibu neno moja tu, ndivyo au sivyo. Ikiwa sivyo, wanakwenda kuzungumza tena na kurudi Jumatano nyingine. Ikiwa ndivyo, fomu inajazwa kwa kalamu ya wino.

Tuliupenda ushenga ule kuliko somo lolote. Wengine waliingia wamejifunga khanga begani na kukohoa kizee, wakabisha hodi mara tatu na kusema wamekuja na neno dogo. Mwalimu aliwaacha wacheze, kisha akasema haya, neno lenyewe. Na ajabu ni kwamba mle stooni tulisikia habari zetu wenyewe kwa mara ya kwanza. Msichana aliyedhani haonekani alikuta mwenzake amemwona miaka miwili mfululizo. Walimu wenzangu wa sasa wakisikia hadithi hii wanafurahi, wananiuliza kwa nini siufanyi kwenye shule yangu, badala ya kuwaacha wasichana wabonyeze machaguo yao kwenye simu kwa dakika mbili. Huwa nawajibu kwamba muda hautoshi. Muda unatosha kabisa.

Likizo ya Pasaka ya mwaka ule Skola alikuja kwetu. Alikuwa ameliona ziwa mara moja tu, akiwa mdogo, kwa mbali, mstari wa buluu chini ya mbingu, na watu wazima walimwambia yale ni mawingu ili asisumbue kutaka kwenda. Tulipanda lori lililokuwa linashuka, tukakaa juu ya magunia ya mahindi, na lilipotoka kwenye milima na maji yakafunguka mbele yetu yote kwa pamoja, aliacha kuongea. Mimi nilijivuna kana kwamba ziwa nimelijaza mwenyewe. Siku zile nyumbani nazikumbuka zikiwa na mwanga mwingi mno, mchanga mweupe, muhogo umeanikwa juu ya mawe, usipa, dagaa wetu wa ziwani, wametandazwa kwenye chandarua kikuukuu waking'aa mpaka macho yanauma. Tulikula ugali wa muhogo na usipa waliokaangwa kwa nyanya, mchana na jioni, na Skola hakuchoka. Shangazi yangu, aliyekuwa na ulimi mkali, alisema huyu mtoto wa mlimani atatumaliza.

Siku ya tatu tulikuwa ufukweni na shangazi tukipara samaki. Skola alipomshika mmoja na kumfungua mdomo, vikamwagika kiganjani mwake visamaki vidogo kuliko punje za mtama, vingine bado vinachezacheza. Akaganda. Shangazi hakuinua hata macho, akasema hao ni wanawe, samaki wa aina hiyo hulea watoto mdomoni, wakitishika wanarudi ndani. Skola akauliza sasa mama anakulaje. Shangazi akasema hali, anafunga mpaka wakue. Basi Skola alichota maji kwa kikombe, akavitia vile vilivyo hai, akaingia ziwani na sketi yake ya shule mpaka kiunoni, akavimwaga taratibu mbali na mawe, na akabaki pale amesimama, ameinama, anatazama. Kila ninapotaka kumkumbuka Skola humkumbuka hapo, maji yako kiunoni na mgongo ametugeuzia sisi, na shangazi anamwita aje asije akaliwa na mamba, naye hasikii.

Kuanzia siku hiyo akawa kero. Aliwafuata wavuvi wakirudi na mitumbwi akawauliza nani anakula nini, nani anataga wapi, kwa nini samaki aitwaye mbasa huonekana miezi fulani tu. Wazee waliomcheka mwanzoni wakaanza kubishana wao kwa wao juu ya majibu. Siku ya kuondoka, tukingoja lori, aliniambia kwamba ameamua. Kwenye kijitabu cha vyuo cha Mwalimu Redempta alikuwa ameona kozi ya mambo ya samaki na viumbe wa majini, na alikuwa ameipita mara nyingi akidhani ni ya watu wengine.

"Utanisemea wewe," aliniambia. "Wewe ni mtoto wa ziwa. Ukisema wewe kwamba naweza, Mwalimu ataamini, na mimi nitaamini."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa nimejaa furaha, na nilianza hata kupanga maneno palepale, kabla lori halijafika.

Mwezi wa sita ikawa zamu yangu kwenda kwao, kijiji kilicho juu ya Mbinga, wakati kahawa imeiva. Nyumba yao ilikuwa ya tofali za kuchoma, na jiko limesimama peke yake uani, jeusi kwa moshi, lenye joto tamu. Tulikaa mle kila jioni tukila ugali na maharage, miguu tumeielekeza kwenye moto, tukisikiliza watu wazima wakizungumza Kimatengo. Skola alikuwa ananitafsiria nusu na nusu ananidanganya. Mchana tulichuma, tukamenya kwa mashine ya mkono, kisha tukaanika kwenye vichanja vya waya na kuchambua mbovu. Mama yake alikuwa mwanamke mrefu, mpole, asiyesema neno mpaka amelifikiria. Alinipokea vizuri mno, akaniita mwanangu tangu siku ya kwanza.

Siku moja Skola alitumwa dukani, tukabaki kwenye kichanja mama yake na mimi. Tulichambua kahawa muda mrefu. Halafu, bila kuacha kazi, akanisimulia habari za mdogo wake Skola wa kiume, ambaye Skola alikuwa amenitajia mara moja tu. Alishikwa na homa. Wanaume wakamlaza kwenye machela wakamwahisha hospitali kwa miguu, na mama akawa anakimbia nyuma yao, na walipofika nusu ya njia waliokuwa mbele wakapunguza mwendo. Hakuna aliyemwambia kitu. Aliona tu kwamba wamepunguza mwendo.

"Nimesikia huko shuleni mnasemeana," aliniambia. "Msemee unesi, mwanangu. Mimi hanisikii. Wewe anakusikia."

Nilisema Skola ana mambo mengine anayoyapenda. Akasema anajua, habari za samaki amezisikia tangu Pasaka, na samaki ni wazuri, lakini samaki wataishi tu. Kisha akaongeza jambo ambalo limenikaa mpaka leo. Alitaka nisimwambie Skola kwamba limetoka kwake.

"Akijua ni mimi atakubali kwa kunihurumia," alisema. "Sitaki asome kwa huruma. Nataka asikie kutoka kwako, aone linamfaa."

Nikajibu, "Ndiyo, mama."

Nimeligeuza jibu lile miaka yote hii. Mtu wa kwetu akiambiwa na mzazi, anajibu ndiyo mama. Ni kama kuitikia marahaba, maana yake nimekusikia. Sikuwa nimekubali. Ningetaka kuamini hivyo. Lakini jioni ile alichinja kuku, na alipopakua, firigisi, ambayo katika nyumba ile aliila baba peke yake, aliiweka kwenye sahani yangu. Baba yake Skola alitazama sahani, akamtazama mkewe, akaendelea kula. Skola akacheka kwa puani akasema leo nimekuwa mzee wa ukoo. Kila mtu akanisubiri. Ningeweza kuirudisha, ningeweza kusema mimi mtoto, haifai. Niliila. Ilikuwa ngumu, nikaitafuna muda mrefu, na nadhani hapo ndipo nilipokubali.

Fomu tulijaza mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, wakati vumbi limekaa juu ya kila jani. Miezi ile yote Skola alinifundisha cha kusema, na mimi nilimsikiliza, nikamwambia nimeelewa. Sikumwambia habari za mama yake kwa sababu nilikuwa nimeombwa nisimwambie, na nilikuwa nimekula. Nikajipangia akili ya kitoto ambayo wakati ule niliiona ni busara kubwa. Nitasema unesi, kama mama alivyotaka. Mwalimu atauliza ndivyo. Skola, ambaye hajawahi kunyamazia kitu maishani mwake, atasema sivyo, kwa sauti, na pengine atanitupia kitu. Tutarudi Jumatano nyingine na samaki wake. Mama atakuwa amesemewa, Skola atapata anachotaka, na mimi nitakuwa sijamkosea mtu. Nilikuwa nimelitafuta jambo ambalo lingeniacha mikono misafi, na nililipata.

Jumatano yetu ilipofika tuliingia pamoja. Alianza yeye kunisemea mimi. Hakucheza, hakukohoa kizee. Alisimama wima na kumwambia Mwalimu kwamba Edina anafaa kuwa mwalimu, kwamba walioshindwa hesabu za kemia bwenini huja kitandani kwake, na kwamba ana uvumilivu wa kurudia jambo mara nne bila kumfanya mtu ajione mjinga. Alitaja majina. Alitaja siku. Nilikuwa karibu na dirisha nikitazama kabichi na sikuziona. Mwalimu aliponiuliza ndivyo, nililijibu neno lile moja kwa shida.

Tukabadilishana nafasi. Akaenda kukaa dirishani, akaweka mikono mapajani, akageuzia uso nje kama ilivyotakiwa. Kutoka niliposimama niliona sikio lake na kipande cha shavu, na shavu lilikuwa linatabasamu.

"Mwalimu," nilisema, "nimemleta Skolastika. Skolastika anataka kusomea unesi."

Nikaendelea haraka, kwa sababu kama ningetulia ningelia. Nilisema jinsi alivyowauguza wenzetu wakati wa malaria, akiamka kuwapa maji kabla hawajaomba. Nilisema hachukii harufu wala uchafu, na huwachekesha wagonjwa mpaka wakasahau ugonjwa. Yote yalikuwa kweli, ndiyo ubaya wake, sikuhitaji kutunga hata moja. Nilipomaliza, Mwalimu alinitazama muda, labda kwa sababu na yeye alikuwa amezisikia habari za samaki, kisha akamgeukia Skola na kumwuliza ndivyo. Nje sista alikuwa anamwagilia, na nilisikia maji yakidondoka kwenye majani. Nilisubiri ile sivyo. Nilikuwa nimejiandaa mpaka sura ya kuipokea. Shavu lake lilikuwa halitabasamu tena, ila hakugeuka.

"Ndivyo, Mwalimu," alisema.

Mwalimu akafungua kalamu. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikusema kitu kati ya kufungua kalamu na kugusa karatasi. Kulikuwa na nafasi. Alikuwa na mazoea ya kuijaribu ncha kwanza kwenye kona ya gazeti, na siku ile aliijaribu mara tatu kwa sababu wino ulikuwa umegoma.

Nilingoja ugomvi na haukuja. Jioni ile Skola alifua, akaanika, akanipa nusu ya sabuni iliyobaki. Kesho yake aliniuliza swali la jiografia. Wiki ikapita, nikaanza kujiambia kwamba labda kweli alikuwa ameshaghairi, labda mama yake alikuwa amemwona kuliko mimi. Lakini habari za samaki hazikutajwa tena bwenini, hata kwa utani, na aliacha kuniuliza kama samaki wamesikia sala yangu. Tulifanya mtihani, tukakumbatiana getini, tukaandikiana barua mbili tatu. Mimi nikaenda ualimu. Yeye akawa nesi, na kwa kila habari iliyonifikia alikuwa nesi hodari, wa kuombwa na wagonjwa kwa jina. Tulikutana kwenye harusi za watu, tukapiga picha tumeshikana viuno. Urafiki wetu haukuvunjika, uligeuka tu kuwa wa kusalimiana.

Msibani kwa Mwalimu nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye mabenchi ya wanawake, anakula ugali na kabichi. Alikuwa amekuja na gari la hospitali yao pamoja na wenzake wawili. Amenenepa kidogo, ana miwani, na bado anacheka kwa puani, maana alikuwa anamchekesha mama mmoja mzee aliyekuwa akilia. Niliwasalimia akina mama, shikamoo zikaitikiwa, nikapewa sahani na nafasi pembeni yake. Tuliongea habari za Mwalimu, viatu vyake, birika lake. Mama yake Skola alikuwa ametutoka miaka kadhaa kabla, akiuguzwa na Skola mwenyewe mpaka mwisho, na nilikuwa nimekwenda kuzika nikarudi bila kusema kitu. Siku hii niliona kwamba nisiposema nitakuja kuwa mimi, au yeye, ndiye anayeliliwa kwenye mabenchi kama haya. Nikamsimulia. Kichanja, machela, firigisi, na ile hesabu yangu ya kitoto kwamba angesema sivyo. Alinisikiliza hivyo hivyo anavyosikiliza wagonjwa, sijui, bila kunisaidia na bila kunikatiza.

"Kwa hiyo alikuwa ni mama," alisema nilipomaliza.

"Alikuwa mama."

Aliweka sahani chini. Alivua miwani akaifuta na ncha ya khanga, akaivaa, akaivua tena.

"Unajua nilidhani nini? Nilidhani umenipima ukaona siwezi. Wewe ndiye uliyelijua ziwa, Edina. Uliniona nikihangaika kule kwenu na maswali yangu. Uliposema unesi nikajua ndiyo hivyo, ameona ni mtoto wa mlimani anacheza tu, anaona haya kuniambia. Ningesemaje sivyo? Nikaona aibu hata kwa kutaka."

Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo. Katika miaka yote ya kujilaumu nilikuwa nimemfikiria amekasirika, au amekubali, au amesahau. Sikuwaza hata siku moja kwamba alikuwa ameniamini. Nilimshika mkono, nikamwambia kwamba alikuwa anaweza, kwamba nilijua anaweza kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona akiingia yale maji, na maneno niliyopanga kumsemea bado ninayo yote. Nililia mbele ya akina mama, nao wakadhani ni kwa ajili ya Mwalimu, mmoja akanipigapiga mgongoni.

Wenzake walikuwa wameshaanza kumwita, gari linageuza. Skola akainuka, akajifunga khanga yake vizuri, akanisaidia na mimi kuinuka. Alisema kazi yake anaipenda na mama yake alikufa bila maumivu kwa sababu ya kazi hiyo, kwa hiyo nisije nikaacha kula kwa majuto. Alisema tutapigiana simu. Halafu akabaki amenishika mkono, ananitazama, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini kabisa, haina hasira.

"Ila ungesema," aliniambia. "Mimi nilinyamaza pale dirishani ili useme wewe."